Jinsi ya kuendesha programu za zamani za mawasiliano kwenye Windows na Linux za sasa

Mashine za karakana, swichi za simu za ofisi, vipimo vya maabara, redio, mitambo ya kengele za moto: vifaa vya aina hii hudumu miaka ishirini au thelathini, na programu ya kuvisanidi huwa ileile iliyokuja navyo kwenye disketi. Kompyuta iliyokuwa ikiiendesha ikifa, mpya inaikataa. Wengi hukimbilia ukurasa wa "Compatibility" na kujaribu kila Windows iliyomo kwenye orodha, mmoja baada ya mwingine. Huko ni kubahatisha. Programu ya mawasiliano inaweza kukwama mahali panne: mfumo endeshi kukataa kuifungua, programu kutoiona poti (tundu la COM ambako waya wa mawasiliano huingia), data kuharibika njiani, au upande wa pili kutoielewa tena lugha yake. Tafuta kwanza umekwama wapi, ndipo ubadilishe kitu.

Jambo moja la kuhakikisha mapema: je, bado kuna wa kuongea naye? Programu iliyotegemea seva za kampuni hufa siku seva zinapozimwa. AIM ilifungwa Desemba 2017, Yahoo Messenger Julai 2018, ICQ Juni 2024, Skype Mei 2025. Hizo unaweza kuzifungua leo, lakini hazitakuingiza popote. Mwongozo huu unahusu programu ambazo upande wa pili bado upo: kifaa kilicho mwisho wa waya, modemu, au seva inayotumia itifaki ya wazi.

Ijue programu kabla ya kuigusa

Mafaili yote ya .exe huanza na herufi MZ. Tofauti iko mbele kidogo. Kwenye nafasi ya 0x3C kuna namba inayoelekeza mahali pengine ndani ya faili. Ukifika hapo ukakuta PE, programu ni ya Windows ya biti 32 au 64. Ukikuta NE, ni ya Windows 3.x, yaani biti 16. Usipokuta alama yoyote, ni ya DOS. Kwa zile za PE, baiti mbili zinazofuata baada ya "PE" na sifuri mbili ndizo zinazoamua: 4C 01 ni biti 32, 64 86 ni biti 64. Kihariri chochote cha heksadesimali kitakuonyesha hayo. Kwenye Linux, amri `file programu.exe` inatoa jibu kwa mstari mmoja.

Jibu hilo ndilo linalochagua njia. Windows ya biti 64, ya toleo lolote, haina NTVDM, ile sehemu iliyokuwa ikiendesha programu za biti 16. Windows 11 hutolewa kwa biti 64 tu. Kwa hiyo ukiona "This app can't run on your PC" kwa programu ya DOS au ya Windows 3.1, hakuna kisanduku cha kutia tiki kitakachobadilisha hali hiyo, unahitaji kiigizi, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani. Windows 10 ya biti 32 bado inayo NTVDM, na huomba kuisakinisha mara ya kwanza unapofungua programu kama hiyo, lakini msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kuanza kazi mpya juu yake ni kujitafutia hamisho jingine.

Kuna mtego hapa. Programu nyingi za miaka ya 1995 hadi 2000 zenyewe ni za biti 32, lakini faili la setup.exe ni la biti 16. Windows inazitambua baadhi ya setup hizo, hasa za InstallShield za zamani, na kuzibadilisha kimyakimya na toleo la biti 32. Zisizotambuliwa hukataliwa, na mtu huondoka akiamini programu yote haifai. Jaribu kufungua kifurushi kwa 7-Zip. Kama kina mafaili ya .cab ya InstallShield, `unshield` kwenye Linux huyatoa. Njia nyingine isiyo na jasho ni kusakinisha ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta yako) ya Windows XP ya biti 32, kisha kunakili folda nzima kuja kwenye kompyuta mpya pamoja na mafaili ya .dll na .ocx iliyoyaacha kwenye System32.

Na kama programu yenyewe ni terminali tu (dirisha la kutuma na kuona herufi), haina itifaki ya pekee ya kifaa fulani, usihangaike kuifufua. HyperTerminal ilikuwamo ndani ya Windows kuanzia 95 hadi XP, ikaondolewa kwenye Vista, na watu bado wanatafuta hypertrm.exe ya kunakili. Kwa nini? Tera Term inafanya yote iliyokuwa ikifanya, ikiwa ni pamoja na XMODEM, YMODEM, ZMODEM na Kermit, itifaki za kuhamisha mafaili. PuTTY nayo ni nzuri kwa kuandika amri, ila haina uhamishaji wa mafaili kwenye poti ya COM. Tumia nguvu zako kwa programu ambayo haina mbadala.

Poti: mahali ambapo kazi nyingi hukwama

Programu za DOS zinazijua poti nne tu, na kila moja ina anwani yake na namba ya IRQ (laini ambayo poti huitumia kuiita processor): COM1 ni 3F8 na IRQ 4, COM2 ni 2F8 na IRQ 3, COM3 ni 3E8 na IRQ 4, COM4 ni 2E8 na IRQ 3. Programu nyingi za Windows za zamani nazo zina menyu inayoishia COM4. Zile zilizoandikwa kwa Visual Basic na kutumia MSComm, sehemu yake ya kushughulikia poti, huishia COM16. Adapta ya USB, kwa upande wake, hupewa namba yoyote iliyo wazi, na kompyuta iliyochomekwa adapta nyingi huko nyuma inaweza kukupa COM17 bila aibu. Kuanzia COM10 na kuendelea kuna tatizo jingine: Windows inataka jina liandikwe `\\.\COM10`, na programu ya zamani inaandika COM10 tu, hivyo inaambiwa poti haipo.

Kubadilisha namba: fungua Device Manager, nenda "Ports (COM & LPT)", bofya kulia adapta yako, chagua "Properties", ukurasa wa "Port Settings", kitufe cha "Advanced", kisha "COM Port Number". Chagua COM2, COM3 au COM4. Namba ikionyeshwa kuwa "in use" ilhali hakuna kitu, ni kumbukumbu ya adapta iliyowahi kuchomekwa. Kwenye menyu ya "View" washa "Show hidden devices", poti hizo zitajitokeza kwa rangi iliyofifia. Ziondoe kwa "Uninstall device", namba zitarudi. Kumbuka pia kwamba ukiihamishia adapta kwenye tundu jingine la USB, baadhi ya chipu zitapewa namba mpya. Ukishapata mpangilio unaofanya kazi, weka alama kwenye tundu hilo.

Chipu iliyo ndani ya adapta ina uzito kuliko jina lililo kwenye kifungashio. FTDI FT232R ndiyo inayosumbua kidogo zaidi. Prolific PL2303 za matoleo ya zamani, na nakala zake za bandia, hukataliwa na draiva mpya za Windows: utaona alama ya mshangao na "Code 10", au jina la kifaa likigeuka kuwa tangazo kwamba PL2303HXA iliachwa mwaka 2012. Kuirudisha nyuma draiva kunasaidia hadi sasisho lijalo la Windows liiweke tena ile mpya. Nunua adapta nyingine. CH340 inatosha kwa konsoli ya swichi au ruta.

Kwa FTDI, fungua ukurasa uleule wa "Advanced" na utazame "Latency Timer". Huja ikiwa 16. Maana yake chipu inakusanya baiti zinazoingia na haizipeleki kwenye kompyuta mpaka kifurushi kijae au milisekunde 16 zipite. Programu inayouliza swali la baiti nane na kusubiri jibu la baiti nne hulipa muda huo kila mzunguko, na kama imepangiwa kungoja milisekunde chache tu, itasema kifaa hakijibu ilhali jibu liko ndani ya chipu. Weka 1. Hitilafu za "timeout" zisizo na sababu mara nyingi huishia hapo.

Kabla ya kuilaumu programu, jaribu poti peke yake. Kwenye kichwa cha DB9 cha adapta, unganisha pini 2 na pini 3 kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi. Fungua PuTTY, chagua "Serial", andika namba ya poti na kasi 9600, na kwenye mipangilio ya "Serial" weka "Flow control" kuwa "None". Kila herufi unayobonyeza inapaswa kuonekana. Ondoa waya: herufi zikome kuonekana. Zikiendelea, ni PuTTY inayojirudishia yenyewe, si poti, na jaribio halijathibitisha chochote. Jaribio likifaulu, adapta, draiva na namba ni sawa. Kilichobaki ni kebo au programu.

Kebo nazo zina aina mbili zinazofanana kwa macho. Modemu hutumia kebo iliyonyooka, 2 kwa 2 na 3 kwa 3. Kompyuta kwa kompyuta, na vifaa vingi vya viwandani, hutaka null modemu, ambapo 2 na 3 zinapishana. Juu ya hapo, programu za zamani husubiri ishara ambazo kebo ya nyaya tatu haina: hazitumi hata baiti moja mpaka zione CTS (ruhusa ya kutuma) au DCD (upande wa pili umeunganishwa). Kama huna kebo kamili, upande wa kompyuta unganisha RTS (7) na CTS (8), kisha DTR (4) na DSR (6) pamoja na DCD (1). Ardhi ni pini 5 na lazima ifike. Na usichanganye adapta ya RS-232 na ile ya TTL ya volti 3.3 au 5: RS-232 hubeba volti chanya na hasi zinazoweza kuunguza chipu ya TTL papo hapo.

Programu za DOS: Telix, ProComm, MS-Kermit na jamaa zao

DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, lakini kiigizi chake cha poti ni kizuri. Tumia DOSBox-X au DOSBox Staging kama unaanza leo. Mfano ulio hapa chini umeandikwa kwa DOSBox-X. Weka programu kwenye folda yenye njia fupi, kwa mfano C:\DOS\TELIX, kwa sababu majina yanayozidi herufi nane hukatwa. Kisha kwenye faili la mipangilio:

```
[serial]
serial1=directserial realport:COM3
serial2=disabled

[autoexec]
mount c c:\dos
c:
cd telix
telix
```

Hapo programu itaona COM1 ya kawaida, anwani 3F8 na IRQ 4, ilhali nyuma ya pazia ni COM3 ya adapta yako. Uzuri wa njia hii ni kwamba namba ya poti ya Windows haina tena umuhimu: hata iwe kubwa, programu haitaijua. Kwenye Linux andika `realport:ttyUSB0`, bila /dev mbele.

Ndani ya programu, chagua COM1, kasi ya kifaa chako, na 8-N-1 (biti 8 za data, bila parity ya kukagua makosa, biti 1 ya kusimama) isipokuwa kitabu cha kifaa kiseme vingine; vifaa vingi vya zamani vya viwandani ni 7-E-1, na dalili yake ni herufi zinazoonekana nusu sawa nusu takataka. Anza na 9600. Kasi ya 115200 inawezekana, lakini kiigizi hakishughulikii poti kwa mpigo ule wa chuma halisi, na baiti zikipotea programu ya DOS haina pa kulalamika. Kama zinapotea hata kwa 19200, funga programu zinazokula processor, kisha weka `cycles=fixed 20000` badala ya `auto`, ili kasi ya kiigizi isipande na kushuka katikati ya uhamishaji.

Programu ikifunguka na kuanguka mara moja kwa "Runtime error 200", tatizo si poti. Hiyo ni programu ya Turbo Pascal 7: ikianza hupima kasi ya processor, na kwenye mashine iliyo ya haraka kuliko waandishi walivyowazia, hesabu inagawa na kufurika. Punguza `cycles` hadi 5000 au chini wakati wa kufungua, kisha ongeza kwa Ctrl-F12 (vitufe vya DOSBox ya asili). Vitufe hivyo vya DOSBox vyenyewe vinaweza kugongana na vya programu. Ctrl-F10, kwa mfano, hukamata kipanya na haifiki kwa programu. Kwenye mazingira ya Linux, Alt pamoja na vitufe vya F huchukuliwa na mfumo kabla ya DOSBox kuviona.

Kama programu inataka modemu na wewe huna laini ya simu, badilisha mstari mmoja:

```
serial1=modem listenport:5000
```

Sasa programu ikituma ATZ, amri ya kuianzisha modemu upya, itajibiwa OK. Ukiandika `ATDT 192.168.1.20:23`, DOSBox hufungua muunganisho wa TCP kwenda anwani hiyo na kurudisha CONNECT kana kwamba simu imepokelewa. Kama upande wa pili ni seva ya telnet, tuma kwanza `AT+NET1`, la sivyo maagizo ya telnet yataonekana kwenye skrini kama herufi za ajabu mwanzoni mwa kikao. Programu yenye kitabu cha simu kinachokubali tarakimu tu unaweza kuipa anwani kama tarakimu kumi na mbili: 192168001020. Hii inaziwezesha programu za BBS (mbao za ujumbe zilizokuwa zikipigiwa simu kwa modemu) kufikia BBS zilizohamia kwenye intaneti bila kubadilisha baiti moja ya programu.

Kwa kifaa halisi cha zamani kilicho nje ya kompyuta, ambacho ndicho kinachotaka kupiga simu, kazi hiyo hufanywa na `tcpser` kwenye Linux. Unaiunganisha kwenye poti ya kifaa, nayo inajifanya modemu ya Hayes, yaani inayotii amri za AT.

Programu za Windows 3.1 hadi XP

Kwa zile za NE, kuna winevdm, inayojulikana pia kama otvdm. Inaendesha programu za Windows za biti 16 ndani ya Windows ya biti 64, kila moja kwenye dirisha lake. Kwa zana za kusanidi zenye menyu na fomu inafaa sana. Kwa programu inayogusa poti kwa karibu, iwe ya mwisho kuamini: jaribu kusoma kabla hujaandika kitu kwenye kifaa.

Za biti 32 ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu njia ya kufungua poti kwenye Windows haijabadilika tangu 1995. Usizisakinishe ndani ya Program Files. Programu hizo huandika mipangilio kwenye folda yao wenyewe, jambo ambalo Windows ya sasa hairuhusu. Badala ya kukataa, inayahamisha mafaili kimyakimya kwenda AppData\Local\VirtualStore ya mtumiaji. Matokeo yake ni kwamba mtumiaji mmoja anaona mipangilio na mwingine haoni, au faili ulilolihariri kwa mkono halisomwi. Sakinisha kwenye C:\Zana au jina lolote la namna hiyo, nje ya folda za mfumo.

Ukiona ujumbe unaotaja MSCOMM32.OCX, sehemu ya Visual Basic inayoshughulikia poti haijaandikishwa. Nakili faili hilo kutoka kwenye diski ya programu hadi C:\Windows\SysWOW64 (si System32, hata kama jina linadanganya: kwenye Windows ya biti 64, System32 ni ya biti 64), fungua dirisha la amri kama msimamizi, kisha:

```
C:\Windows\SysWOW64\regsvr32.exe C:\Windows\SysWOW64\MSCOMM32.OCX
```

Msaada wa programu hizi uko kwenye mafaili ya .hlp, ambayo Windows 10 na 11 hazina tena programu ya kuyafungua. Ndani ya mashine ya XP yanafunguka. Yachapishe yawe PDF mara moja na uyahifadhi.

Kundi moja halitibiki kwa njia hizi. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows 95 na 98 wakati mwingine ziliipita Windows na kuigusa chipu ya poti moja kwa moja, jambo ambalo familia ya NT haikuwahi kuruhusu. Huanguka kwa kosa 0xC0000096 mara tu unapobofya "Connect". Pia zile zinazokuja na mafaili ya .vxd, draiva za Windows za enzi hizo. Hizo zinahitaji Windows 98 yenyewe, na mahali pazuri pa kuiweka ni 86Box, ambayo huigiza kompyuta nzima ya enzi hizo hadi ubao mama, na matoleo yake mapya hupitisha poti halisi ya kompyuta mwenyeji.

Mashine pepe ya XP

Programu ya biti 32 ikikataa kabisa kwenye Windows 11, VirtualBox yenye XP humaliza ubishi. Fungua mipangilio ya mashine hiyo ikiwa imezimwa, nenda "Serial Ports", washa poti ya kwanza, "Port Number" iwe COM1, "Port Mode" iwe "Host Device", na kwenye njia andika COM3 au /dev/ttyUSB0. Mashine ikikataa kuwaka na kusema haiwezi kufungua kifaa, kuna programu nyingine imeishika poti hiyo. Mara nyingi ni PuTTY uliyoiacha wazi baada ya jaribio la klipu.

Unaweza pia kuipitisha adapta nzima ya USB ndani ya XP kwa kichujio cha USB. Hapo utahitaji draiva ya XP ya chipu hiyo, lakini ishara za RTS na DTR hufika kwa uhakika zaidi, na hiyo huleta tofauti kwa vifaa vinavyojipatia umeme kutoka kwenye pini hizo. Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Microsoft, haufai kwa kazi hii: poti zake za COM huenda kwenye bomba la programu tu, haziifikii poti halisi.

XP haijapata msaada wa usalama tangu 8 Aprili 2014. Ondoa kabisa kadi ya mtandao ya mashine hiyo na uhamishe mafaili kwa folda ya pamoja. Piga snapshot (nakala ya hali ya mashine unayoweza kuirudia) baada ya kila kitu kufanya kazi, na kabla ya kuisasisha VirtualBox.

Linux na macOS kwa ufupi

Kwenye Debian na Ubuntu, kosa la kwanza huwa "Permission denied". Jiongeze kwenye kundi la dialout kwa `sudo usermod -aG dialout $USER`, toka na uingie upya. Poti inayofunguka kisha kutapika herufi zisizo zako ina mgeni: ModemManager huzipiga AT poti mpya ikitafuta modemu. Kama hutumii modemu ya simu, izime. Kwenye Ubuntu 22.04, adapta ya CH340 inaweza kuonekana na kutoweka sekunde hiyohiyo. Soma `dmesg`, na ukiona jina brltty, programu hiyo ya visomaji vya nukta nundu ndiyo inayoinyakua. Iondoe kama haitumiwi.

Wine, inayoendesha programu za Windows juu ya Linux, huendesha nyingi za biti 32 vizuri, na namba za poti unaziamua mwenyewe. Kwa `wine regedit`, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, tengeneza thamani ya maandishi yenye jina COM1 na ndani yake /dev/ttyUSB0, kisha `wineserver -k` ili isomwe upya.

macOS iliacha programu za biti 32 kuanzia toleo la 10.15 la mwaka 2019, kwa hiyo programu za zamani za Mac huhitaji mashine pepe au kiigizi. Poti zipo: tumia jina linaloanza na /dev/cu., si /dev/tty., kwa kuwa la pili husubiri ishara ya DCD na huonekana kama limeganda.

Uhamishaji unaoharibika

Maandishi yanapita lakini mafaili hayapiti? Tazama mambo matatu. XON/XOFF hutumia baiti 0x11 na 0x13 kama breki, na faili lolote la binari lina baiti hizo ndani yake. Tumia RTS/CTS au uzime kabisa. Kupitia telnet, baiti 0xFF ni mwanzo wa amri na lazima irudiwe mara mbili. Upande mmoja usipofanya hivyo, ZMODEM hukwama kila mara mahali palepale pa faili, na hilo kukwama palepale ndilo linalokuonyesha chanzo. Jaribu Kermit, ambayo iliundwa kuvuka njia zisizopitisha baiti zote. La tatu ni XMODEM: hutuma kwa vipande vya baiti 128 na kujaza cha mwisho kwa 0x1A. Faili lililofika likiwa refu kidogo kuliko la asili, si bovu, ila kifaa kinachopima ukubwa wa firmware kitalikataa. YMODEM hupeleka ukubwa halisi.

Programu za barua pepe

Eudora na programu za aina yake hazishindwi kufunguka. Seva ndizo zinazozikataa, kwa kuwa zinataka TLS 1.2 au zaidi (usimbaji wa mawasiliano), na programu hizo hazikuifahamu. Usijaribu kubadilisha .dll zake. Weka stunnel katikati: programu inaongea na stunnel bila usimbaji ndani ya kompyuta hiyohiyo, na stunnel inaongea na seva kwa TLS ya kisasa.

```
[imap]
client = yes
accept = 127.0.0.1:1143
connect = imap.example.com:993
verifyChain = yes
CAfile = ca-certs.pem
checkHost = imap.example.com

[smtp]
client = yes
accept = 127.0.0.1:1025
connect = smtp.example.com:465
verifyChain = yes
CAfile = ca-certs.pem
checkHost = smtp.example.com
```

Kwenye programu ya barua andika seva kuwa 127.0.0.1, poti 1143 na 1025, na uzime SSL kabisa. Ukiiacha ikiwa imewashwa, pande zote mbili zitajaribu kusimba na muunganisho utakatika bila maelezo. Kama mtoa huduma anatumia poti 587, ongeza mstari `protocol = smtp` kwenye sehemu ya smtp, ili stunnel ianze na STARTTLS. Mistari ya verifyChain na checkHost usiifute ili "ifanye kazi": bila hiyo, stunnel itampa nenosiri lako yeyote anayejifanya seva.

Seva ikikubali muunganisho kisha ikakataa nenosiri sahihi, huenda mtoa huduma ameacha nywila za kawaida na anataka OAuth, njia ya kuingia kwa idhini ya muda badala ya nenosiri. Angalia kama anatoa nenosiri maalumu la programu na ulitumie badala ya lile la kawaida. Kama hatoi, programu ya wazi ya email-oauth2-proxy hukaa mahali pa stunnel na kufanya kazi zote mbili. Kwa vyovyote vile, acha anwani ya kupokea iwe 127.0.0.1. Ukiweka 0.0.0.0, kila kompyuta iliyo kwenye mtandao wako itaweza kuufikia mlango huo usio na usimbaji.